Ng' Iliyogoma Kuunganishwa

Neema ameniomba niandike haya kabla sijasahau. Nimemjibu kwamba sisahau, nachagua tu. Lakini kwa kuwa yeye ndiye amebaki kwenye kiti changu, na kwa kuwa anajua kung'ang'ania, nimekubali. Mambo ya vyeo nayaacha. Walionipandisha wanajifahamu, na walionisahau wanajifahamu zaidi. Nitaandika kazi yenyewe ilivyokuwa, maana ndiyo ninayoikumbuka nikiamka asubuhi na kujikuta sina pa kwenda.

Nilianzia Mbeya, mtaa wa Uhindini, kwenye duka la Bwana Kanti. Mbele aliuza madaftari, kalamu na wino wa printa. Nyuma, nyuma ya pazia la maua, alitengeneza kompyuta za watu. Nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta iliyofundishwa zaidi ubaoni kuliko kwenye kompyuta zenyewe. Siku ya kwanza niliingia na viatu vya kuazima na cheti kwenye bahasha. Bwana Kanti hakukifungua. Alinisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile," kwa lafudhi safi kuliko ya shangazi zangu wa Tukuyu, nikabaki nimeduwaa. Alikuwa amezaliwa Mbeya, kama baba yake.

"Jina?"

"Tupokigwe, bwana."

"Tupo. Vizuri. Unaogopa umeme?"

"Hapana."

"Uogope kidogo. Njoo ndani."

Mkewe, tuliyemwita Mama Kanti, alinipa chai ya tangawizi, nikapewa stuli, na kazi ikaanza.

Kazi yenyewe ilikuwa printa. Shule moja ya sekondari ilikuwa na printa kuukuu ambayo kompyuta yao haikuitambua. Programu ya kuitambulisha haikuwepo tayari. Kilichopatikana ni msimbo wake tu, yaani maandishi aliyoandika mtunzi wa programu, ambayo lazima uyageuze mwenyewe kuwa kitu kinachotembea. Siku hizi vijana mnabofya mara moja kitu kinashuka kikiwa kimeiva. Sisi tulishushiwa unga na maji, tukaambiwa mgahawa ni wetu.

Niliandika amri alizonielekeza, kioo kikajaa makosa kutoka juu hadi chini. Nilisimama. Nilidhani nimeiua mali ya watu.

"Kaa," Bwana Kanti alisema. "Haijakutukana. Imekuandikia. Rudi juu kabisa, soma la kwanza."

Wote wanaoanza kazi hii husoma kosa la mwisho kwa sababu ndilo liko mbele ya macho. La mwisho mara nyingi ni mtoto wa mtoto wa lile la kwanza. Ukirekebisha la kwanza, ukoo mzima unaondoka.

Lile la kwanza lilisema, kwa Kiingereza chake cha mashine, undefined reference, kisha jina la kitu nisichokijua. Bwana Kanti alinivuta hadi mlangoni akanionyesha fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara.

"Yule kwanza anakata vitambaa, halafu anashona. Na kompyuta ni hivyohivyo. Kwanza inatafsiri kila faili peke yake. Hiyo ni kukata. Halafu kiunganishi kinakuja kuunga vipande viwe programu moja. Huko ni kushona. Wewe umekata vizuri. Kosa lako ni la kushona. Kiunganishi kinakwambia, nimetajiwa mkono wa shati, lakini kwenye meza sioni mkono. Sasa usiulize rangi ya uzi. Tafuta mkono."

Mkono ulikuwa kwenye maktaba. Maktaba kwetu ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, ambazo programu yako inaziazima badala ya kuanza upya. Ile maktaba haikuwemo kwenye kompyuta. Tuliiweka, tukaunganisha tena, na printa ya shule ikatoa karatasi yenye mistari ya rangi, ikikohoa kama mtu aliyeamshwa. Mama Kanti alipiga makofi kutoka dukani bila kujua anachokipigia.

Nilikaa pale miaka mingi kuliko nilivyokusudia. Nilijifunza kwamba maktaba inaweza kuwemo na bado kiunganishi kikadai hakioni, kwa sababu umeitaja mapema kabla ya faili linaloihitaji. Chenyewe husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kisichohitajika wakati huo hukiacha, hakirudi nyuma. Kina tabia ya karani ninayemfahamu wa ofisi fulani, lakini tuendelee.

Nilijifunza pia safari za Chunya. Huko kompyuta hazifi kwa uzee, zinafukiwa. Ukifungua kasha unakuta vumbi jekundu limekaa kama chapati. Bwana Kanti alinipa kipulizio cha mkono na brashi ya kupakia rangi, akaniambia nisianze na programu mahali ambapo sijaanza na brashi. Kwenye zahanati moja ya huko nilisafisha, nikajenga programu yao ya kuandikisha wagonjwa, ikagoma. Maktaba ilikuwemo, mpangilio ulikuwa sahihi, jina lilikuwa sahihi. Nilizunguka mpaka muuguzi akaniletea muhogo wa kuchoma kwa huruma. Mwishowe nikaona kwamba fundi aliyenitangulia alikuwa ameweka maktaba ya zamani kwenye folda ambayo kompyuta hupekua kwanza. Kiunganishi kilikuwa kinakuta jina la kitabu, kinafurahi, kinafungua, na ukurasa hauko. Niliiondoa ile ya zamani, mambo yakaenda. Nikamsimulia Bwana Kanti nikitegemea sifa. Akasema, "Na muhogo ulikuwa mtamu?"

Mume wangu alipohamishiwa Iringa nilimfuata. Bwana Kanti alinipa ile brashi. Mama Kanti alilia vya kutosha kwa wote wawili.

Iringa nilipata kazi kwenye kitengo kidogo cha kuchapa vitabu vya wanafunzi wasioona. Chumba kimoja, madirisha mawili, na printa ya nukta nundu inayopiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Mashine hiyo haitumii wino. Inatoboa vinundu kwenye karatasi nene, na msomaji anasoma kwa vidole.

Hapo ndipo nilipokutana na Mwalimu Oresta. Alipoteza macho utotoni kwa surua, kwenye kijiji cha jirani na Tosamaganga, na alikuwa mhakiki wetu: hakuna karatasi iliyotoka bila kupita chini ya vidole vyake. Siku nilipofika alikuwa amejifunga kitenge mabegani kwa baridi.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwalimu."

Alicheka. "Wewe si wa hapa. Wa Mbeya wewe." Kisha akanisogezea karatasi yenye vinundu. "Soma."

"Siwezi, mwalimu."

"Basi tuko sawa. Mimi sioni kioo chako, wewe huoni karatasi yangu. Tutasaidiana."

Alinifundisha herufi moja kila siku wakati wa chai. Vidole vyangu vilikuwa vigumu, akasema vina sugu za kubonyeza. Hadi leo nasoma nukta nundu kwa macho, si kwa vidole, na yeye aliona hiyo ni aibu ndogo ya familia ambayo haisemwi mbele ya wageni.

Shida yetu kubwa ilikuwa ng'. Programu ya kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu iliandikwa na watu ambao lugha yao haina ng'ombe. Walipoona kile kialama cha juu, waliamini ni alama ya kufunga maneno ya msemaji. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akisoma habari za ng'ombe alikutana na "ng", halafu mtu amefunga usemi ambao hakuna aliyeufungua, halafu "ombe" anakuja peke yake. Mwalimu Oresta alikuwa akirekebisha kwa mkono, karatasi baada ya karatasi, kwa kifaa cha kutobolea. Tulichukua msimbo wa ile programu, tukaongeza faili letu dogo lenye kazi moja tu, tukaiita sahihisha_ng. Tangu hapo ng'ombe wakatembea wazima. Ila maana yake ni kwamba hatukuweza tena kutumia programu iliyoiva. Kila tulipobadilisha kompyuta, ilibidi tujenge upya kutoka kwenye msimbo.

Neema alikuja baadaye, akitokea chuoni Mbeya, na ana akili na haraka kwa kiasi kilekile. Aliniita mama tangu siku ya kwanza. Aliliandika upya lile faili letu la ng', kwa sababu la zamani lilikuwa linaanguka likikutana na mstari mrefu. Alilijaribu lenyewe, nje ya programu kubwa, likafanya kazi vizuri, akalihifadhi pamoja na msimbo mwingine. Programu iliyokuwa inatumika hatukuigusa, kwani ilikuwa inatembea, na kitu kinachotembea hukisimamishi.

Kompyuta ya kuchapia ikafa karibu na mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Diski yake ilianza kugonga kama mtu anayepasua karanga, kisha ikanyamaza. Msimbo wetu ulikuwa salama, tulikuwa tumeuhifadhi pengine. Tulipata kompyuta mpya, nzuri, na kazi ilionekana nyepesi: kujenga programu, kuchapa mitihani, kuipeleka shuleni, mbele kidogo ya Nyololo. Watoto wasioona pale walikuwa darasa moja na wenzao wanaoona, na mtihani ulikuwa mmoja, siku moja.

Vipande vyote vilikatwa bila neno. Kwenye kushona, kiunganishi kikasimama: undefined reference, na mwisho wa mstari, sahihisha_ng.

"Mama, angalia," Neema alisema. Kile kiunganishi kina kawaida ya kufunga majina kwa kialama cha juu, kwa hiyo kwenye kioo iliandikwa ng' kabisa, pamoja na kialama chake. Mashine iliyoshindwa kuipata ng' ilikuwa inaiandika sawasawa. Tulicheka. Tulikuwa bado na nafasi ya kucheka.

Tulikagua herufi za jina, moja moja. Sahihi. Tulikagua kama faili la ng' limetafsiriwa. Limetafsiriwa, lipo. Tulipanga upya mpangilio wa maktaba, tukaugeuza, tukaurudisha. Nilipekua folda zote kutafuta masalia ya zamani kama ya Chunya, kwenye kompyuta iliyotoka dukani juzi, jambo linaloonyesha nilivyokuwa nimechanganyikiwa. Siku ikaisha, na nyingine ikaanza.

Mkuu wetu wa kitengo alikuja akasimama mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeulizwa na watu wengine.

"Kama haiwezekani, semeni mapema," alisema. "Niwapigie shule. Mwalimu atakaa nao pembeni, awasomee maswali, wao wajibu. Mbona zamani ilikuwa hivyo?"

Mwalimu Oresta aliinua uso. "Najua ilikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyesomewa."

Akajifunga kitenge chake upya.

"Alinisomea mwalimu mwenye njaa," aliendelea. "Aliruka anachoona kirefu. Nikimwambia rudia, anashusha pumzi. Nikafika mahali naogopa kumwambia rudia. Nilijibu maswali ambayo sikuyasikia vizuri, mkuu, na matokeo yakaandikwa jina langu, si lake. Sitaki wasomewe."

Mkuu alisema basi tujaribu mpaka kesho, akaondoka taratibu.

Neema akaniegemea sikioni. "Mama, tunaweza kuitoa tu hiyo kazi ya ng'. Programu itaungana sasa hivi. Tuchape, ng' ziharibike, si nyingi."

Alinong'ona, lakini kwenye chumba kile kunong'ona ni kupoteza muda.

"Neema, mwanangu," Mwalimu Oresta alisema. "Watoto wanaoona ukiwachapia mtihani, utakata ng'ombe katikati?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi."

Nilijua anayosema ni haki, na nilijua pia kwamba haki haiungi faili. Nikamwambia Neema tuache kubahatisha. Kuna kifaa chenye herufi mbili tu, nm, kinachokuonyesha majina yaliyomo ndani ya faili lililokwisha kutafsiriwa. Ndicho nilipaswa kukishika mwanzo, lakini mtu akiwa na hofu hushika kilicho karibu.

Neema alikiita. "Ipo, mama! Sahihisha_ng ipo humu ndani!"

"Kama ipo, mbona haionekani? Nisomee jina lote, usiruke."

"Mstari wa chini, zeta kubwa, kumi na mbili, sahihisha_ng, halafu herufi pe kubwa, na che ndogo."

"Hiyo zeta inatoka wapi?"

Tulitazamana. Sikumbuki nani alianza kusema. Programu kubwa iliandikwa kwa lugha ya C, na C inaliita jina kama lilivyo. Neema alipoandika upya faili letu alitumia C++, ambayo inaruhusu kazi mbili ziitwe jina moja, na ili isizichanganye inayavisha majina herufi za ziada mbele na nyuma. Kwa hiyo mmoja alikuwa anaita Tupo mlangoni, na ndani ya nyumba yumo mtu ambaye kwenye kitambulisho chake pameandikwa mengine mbele ya Tupo na mengine nyuma yake. Wote wawili wanasema kweli, na mlango haufunguki.

"Ni mimi," Neema alisema, uso umemshuka.

"Ni wewe, na ulifanya vizuri. Lile la zamani lilikuwa linaanguka. Leta kiti."

Dawa yake ni tamko fupi, extern "C", linaloiambia C++ iliache jina hilo lilivyo. Tuliliweka kwenye faili la matangazo, lile linalosomwa na mafaili mengine. Tukajenga. Kosa likarudi lilelile, herufi kwa herufi. Neema alifunika macho kwa viganja. Mimi nilitaka muhogo.

Kisha nikakumbuka kwamba kompyuta haikati upya kitambaa inachodhani hakijabadilika. Tulibadilisha faili la matangazo, na maelekezo yetu ya ujenzi hayakuieleza kwamba faili la ng' linalitegemea. Ilikuwa inashona mkono wa jana. Tulifuta vipande vyote, tukakata upya kuanzia mwanzo. Mistari ilipita, ikapita, ikakoma. Hakuna neno. Kiunganishi kikiridhika hakisemi chochote. Hiyo ndiyo adabu yake.

Printa ikaanza kupiga kelele. Mwalimu Oresta alichukua karatasi ya kwanza ikiwa bado na joto, akapitisha vidole. Alikuwa akisoma kwa kusogeza midomo. Alifika mahali akasimama, akarudi nyuma nusu mstari, akapita tena.

"Ng'ambo," alisema. "Safi." Akageuza karatasi.

Tulipeleka mitihani wenyewe, sisi watatu na dereva, bahasha zikiwa zimefungwa na kupigwa muhuri. Shuleni walitupa viti nje ya darasa, juani, kwa sababu upande wa Mufindi asubuhi hukai kivulini kwa hiari yako. Mtihani ukaanza. Kwenye dirisha lililo wazi niliwaona watoto wanaoona wameinamia karatasi, na kwenye madawati ya mbele wale wetu wameinua vichwa, wanatazama mbali, mikono ikitembea. Mwalimu Oresta alikuwa ametega sikio. Aliniambia anasikia vidole.

Katikati ya mtihani mkono ukanyooshwa. Alikuwa msichana aitwaye Zawadi, mwembamba, sweta limepauka kwenye viwiko.

"Mwalimu, swali hili lina kosa."

Msimamizi alimwendea haraka. "Kosa gani? Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri. Jibu A na jibu D ni neno lilelile."

Msimamizi alitutazama dirishani kama watu waliomletea mzigo mbovu. Neema alinishika mkono, na najua alikuwa anawaza ninachowaza mimi: programu yetu. Mwalimu Oresta alisimama, akaomba aongozwe. Kwa ruhusa ya msimamizi alikaa kwenye dawati pembeni ya Zawadi, akaweka vidole juu ya karatasi yake. Alisoma A. Alisoma D.

"Ni lilelile," alisema. "Mwalimu, tazama na ya wino."

Msimamizi alichukua karatasi ya mtoto mwingine, ya wino, akaisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kosa lilikuwemo humo humo, la watunzi wa mtihani. Darasa zima lilikuwa limelipita bila kuliona.

"Kweli," alisema. Akaandika ubaoni kwamba swali lile lisijibiwe, halafu, kwa kuwa ubao si wa wote, akalisema kwa sauti.

Zawadi alikuwa ameinamisha kichwa, nadhani aliogopa ataadhibiwa. Mwalimu Oresta alimgusa bega. "Una haki. Endelea na linalofuata."

Tulisimama Nyololo tukanunua viazi, kisha tukashika barabara ya Iringa. Neema alisinzia. Tulifika Mafinga, Mwalimu Oresta mikono imelala mapajani.

"Tupo," alisema hatimaye.

"Bee, mwalimu."

"Umemsikia yule mtoto? Amebishana na mtihani."

"Nimemsikia."

"Na ameshinda," alisema, akageuzia uso dirishani, upande wa jua, na hakuugeuza hadi tulipoanza kupanda mlima wa Iringa.